Hesabu Inayozipeleka Timu Nyumbani

Hatua ya awali ya Kombe la Dunia la kriketi la 2019 ilipomalizika nchini Uingereza, New Zealand na Pakistan walikuwa wamelingana karibu kwa kila kitu: kila mmoja alishinda mara tano, akapoteza mara tatu, akakosa mechi moja kwa sababu ya mvua na kubaki na pointi 11. Tena Pakistan walikuwa wamewashinda New Zealand kwa wiketi sita mjini Birmingham. Lakini New Zealand ndio waliokwenda nusu fainali. Walikuwa na 0.175; Pakistan walikuwa na −0.430.

Nambari hizo ni wastani halisi wa mikimbio. Kazi yake ni ile ya tofauti ya mabao katika soka, ila hapa kinachopimwa ni kasi. Chukua mikimbio yote ambayo timu imepata tangu mashindano yaanze, igawe kwa ova ilizopiga. Chukua mikimbio yote iliyowaruhusu wapinzani, igawe kwa ova ilizorusha. Jibu la pili litoe katika la kwanza. Hapo mwanafunzi wa darasa la sita hakwami.

Wanaokwama hunaswa na kanuni mbili. Ova moja ina mipira sita, kwa hiyo 13.4 kwenye ubao wa matokeo ni ova 13 na mipira minne, na kwenye kikokotoo inapaswa kuingizwa kama 13.67. Kanuni ya pili ina makali zaidi: timu ikitolewa yote kabla ya ova zake kwisha, huhesabiwa kana kwamba imezitumia zote.

Pakistan waliionja kanuni hiyo katika mechi yao ya kwanza, Mei 31, mjini Nottingham. West Indies waliwatoa wote kwa mikimbio 105 katika ova 21 na mipira minne. Zile 105 ziligawanywa kwa ova zao zote 50, ikapatikana 2.10. West Indies wakafikisha 108 kwa ova 13 na mipira minne tu, sawa na 7.90 kwa kila ova. Mechi moja, na tayari wastani ni −5.80! Pakistan walishinda mechi zao nne za mwisho mfululizo bila kulifukia shimo hilo. Katika ile ya mwisho walipata 315, na ili wafuzu ilibidi wawatoe Bangladesh wote kwa mikimbio isiyozidi saba.

Uganda nao, katika Kombe lao la kwanza la Dunia la ova 20, mwaka 2024, walitolewa kwa 39 katika ova 12 na West Indies waliokuwa wamepata 173. Ukigawa 39 kwa 12 unapata 3.25, lakini kanuni inadai ugawe kwa 20, na jibu linashuka hadi 1.95. Ni adhabu kali, lakini ni ya haki. Bila kanuni hiyo, timu inayofyeka ovyo na kumalizika kwa 60 katika ova tano ingeandikiwa 12 kwa ova, kasi ambayo hata mabingwa huitamani.

Mahali hesabu hii ilipoumiza kuliko pote pengine ni Lahore, Septemba 5, 2023, katika Kombe la Asia. Sri Lanka walipata 291. Afghanistan waliambiwa kwamba ili wasonge mbele ni lazima wafikishe 292 ndani ya ova 37 na mpira mmoja. Walikimbiza kama waliofukuzwa na nyuki. Ukabaki mpira mmoja na mikimbio mitatu. Mujeeb Ur Rahman akapiga juu, akadakwa. Matokeo yalikuwa 289 kwa wiketi tisa, na wachezaji wakaonekana kukata tamaa.

Lakini mlango haukuwa umefungwa. Muda ulipopita, idadi iliyohitajika ilipanda kidogo tu. Mpigaji akiwa na timu yake kwenye 289 aliweza bado kupiga sita na kufikisha 295 kwenye mpira wa pili, wa tatu au wa nne wa ova hiyo, na kwa kila hali Afghanistan wangewapita Sri Lanka. Hata 297 kwa ova 38 na mpira mmoja ingetosha. Fazalhaq Farooqi, mrushaji asiye mpigaji, aliizuia mipira miwili, akatolewa kwenye wa tatu, huku Rashid Khan akisimama upande wa pili na mikimbio yake 27. Baada ya mechi kocha wao, Jonathan Trott, alieleza kwamba hesabu hizo nyingine hawakupewa. Kikokotoo cha simu kingezipata kwa dakika chache.

Kasoro kubwa ya kipimo chenyewe ni kwamba hakioni wiketi. Timu inayofikia lengo katika ova ya 40 bila kupoteza mtu hupewa alama ileile na inayofika ikiwa imebakiza mpigaji mmoja anayetetemeka. Pia kinaweza kuchezewa. Katika Kombe la Dunia la 1999, huko Manchester, Australia walihitaji 111 tu kuwashinda West Indies, wakajikokota kwa ova 40 na mipira minne huku mashabiki wakiwazomea. Walitaka wastani wa West Indies usiharibike, ili hao ndio wafuzu badala ya New Zealand, kwa kuwa pointi zilizopatikana dhidi ya waliofuzu zilibebwa kwenda hatua iliyofuata. Siku iliyofuata New Zealand waliwatoa Scotland kwa 121, wakalipita lengo katika ova 17 na mipira mitano, wakafuzu. Australia waliingia hatua ya Sita Bora bila pointi hata moja ya kubeba, na bado ndio waliotwaa kombe.