Kulala Katika Pori la Nyama: Kambi ya Katavi

Wawindaji na wavuvi wa nchi yetu wanajua sana kulala mwituni. Mwindaji hukata matawi, hujenga kibanda cha majani, huwasha moto na kukausha nyama juu ya uchanja. Mvuvi wa mto Luama naye hulala kando ya maji mpaka kazi yake imekwisha. Lakini kuna watu wengine wanaokwenda kulala porini, wala hawana mkuki, wala hawana wavu. Hawatafuti kitoweo. Wanataka kuwaona nyama wa pori walio hai, na kusikia sauti zao usiku. Mahali wanapolala panaitwa kambi ya wageni.

Leo tutajifunza habari za kambi ya namna hiyo. Tutaona kwamba ina amri nyingi, na kwamba kila amri ina maana yake.

Katavi ni wapi?

Ukitoka Kabambare na kuelekea mashariki, utapita milima ya Ubembe, kisha utafika ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya ziwa ni nchi ya Tanzania. Huko, upande wa kusini, uko mji wa Mpanda, na karibu na mji huo iko Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi ya taifa ni pori ambalo serikali imelitenga ili nyama na miti wakae humo bila kuuawa wala kukatwa. Katavi ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka wa 1974. Ukubwa wake ni kilometri za mraba 4,471.

Katavi ni mbali na miji mikubwa, tena njia zake ni ngumu. Kwa hiyo wageni wake ni wachache kuliko wageni wa Serengeti. Pori ni kimya. Mgeni anaweza kukaa kutwa nzima asione motokaa nyingine. Lakini nyama ni wengi: tembo, mbogo, twiga, simba, mamba na viboko.

Wakati wa mvua nchi ya Katavi hujaa maji na matope, na njia hazipitiki. Wakati wa kiangazi mto Katuma hupungua, ukabaki mabwawa madogo ya matope. Hapo viboko kwa mamia husongamana katika bwawa moja, mgongo kwa mgongo. Madume hupigana kwa meno yao marefu. Mamba nao huingia katika mashimo ya kingo za mto, wakangoja mvua humo. Ndiyo maana wageni wengi huja wakati wa kiangazi: nyama wote hukusanyika penye maji.

Kambi isiyo na ukuta

Mgeni akifika hupita kwanza kwenye ofisi ya hifadhi katika kijiji cha Sitalike. Hulipa ada yake, huandikwa jina, na huonyeshwa mahali pa kulala. Asilale popote anapopenda. Ikiwa hakurudi, walinzi watajua wamtafute wapi.

Msifikiri kwamba kambi ni nyumba nzuri. Ni uwanja tu uliofyekwa chini ya miti. Mgeni huja na hema lake, chakula chake na maji yake ya kunywa. Hakuna ukuta, wala seng'enge, wala mlango. Tembo akitaka kupita katikati ya kambi, atapita. Mtu ndiye mgeni hapo. Tembo ni mwenyeji.

Labda mtauliza: Je, kwa nini wasijenge ukuta? Sababu ni kwamba nyama wana njia zao za zamani za kwenda majini na malishoni. Ukuta ungezikata njia hizo. Basi badala ya kuwafungia nyama, watu hujifunga wenyewe kwa amri. Amri ndizo ukuta wa kambi.

Mahali pa hema

Amri ya kwanza: piga hema kabla jua halijatua. Gizani huoni nyayo wala mavi ya nyama, na hizo ndizo barua zinazokuambia nani hupita hapo.

Mgeni mwenye akili hutazama hasa njia ya kiboko. Mchana kiboko hukaa majini, kwa sababu ngozi yake hukauka upesi juani. Usiku hutoka kwenda kula majani, na kwa usiku mmoja aweza kula kilo 40. Huenda mbali, kisha hurudi kwa njia ile ile. Kiboko dume mzima hupita kilo 1,500, na mbio zake nchi kavu hufika kilometri 30 kwa saa moja. Watu wengi hawawezi kumshinda mbio. Kiboko akimkuta mtu kati yake na maji, huona amezuiliwa kukimbilia kwake, naye hushambulia. Kwa hiyo usipige hema katika njia yake, wala usisimame kati yake na mto. Watoto wanaoteka maji penye viboko, hata huku kwetu, waikumbuke amri hii.

Katavi kuna pia mbung'o wengi, hasa katika miti ya miombo. Mbung'o hupenda kufuata rangi nyeusi na buluu. Mgeni huvaa nguo ndefu za rangi ya vumbi, asije akaumwa, maana mbung'o wengine huleta ugonjwa wa malale.

Chakula

Amri ya pili: usiweke chakula ndani ya hema. Kifunge katika motokaa, au katika sanduku gumu. Pua ya tembo hunusa tunda kutoka mbali, na kitambaa cha hema hakiwezi kumzuia. Fisi naye huchukua sufuria yenye harufu ya mafuta, hata viatu vya ngozi. Tumbili huja mchana kuiba ndizi.

Tena usimpe nyama chakula kwa mkono, hata akiwa mdogo na mzuri. Amri hii wageni wengi huidharau, kumbe ndiyo iliyo kubwa. Fikirini: tembo amepewa machungwa leo. Kesho atarudi kuyatafuta. Keshokutwa atavunja kioo cha motokaa ili ayapate. Amekwisha sahau kuwaogopa watu, naye ni hatari. Mwisho wake mara nyingi ni risasi. Yule mgeni aliyempa machungwa amekwisha rudi kwao zamani, anawasimulia rafiki zake jinsi tembo alivyokula mkononi mwake. Hajui kwamba amemwua.

Moto

Amri ya tatu ni ya moto. Moto wa kambi uwe mdogo, mahali palipofagiliwa majani, penye alama ya moto wa zamani. Kuni ziwe za mti uliokufa na kuanguka. Wakati wa kiangazi majani makavu huwaka upesi kama karatasi, na upepo hupeleka cheche mbali. Kabla ya kulala, mimina maji juu ya makaa, koroga majivu, mimina tena. Ukiweka mkono wako juu ya majivu na kusikia joto bado, moto haujafa.

Usiku

Jua likizama, kambi hunyamaza. Hapo ndipo mgeni huelewa kwa nini amekuja.

Usiku sauti husafiri mbali kuliko mchana. Jua likiisha kuzama, hewa iliyo karibu na ardhi hupoa, na hewa ya juu hubaki na joto. Sauti inayopanda juu hupindishwa na hewa ile yenye joto, ikarudi chini. Kwa hiyo mtu husikia simba anayenguruma mbali sana, hata kilometri 8. Husikia fisi akilia, na viboko wakikoroma bwawani kama wazee wanaocheka.

Tembo wana sauti nyingine tena, nzito mno, ambayo sikio la mtu haliisikii. Kwa sauti hiyo huitana wao kwa wao, hata wakiwa mbali kilometri kadhaa. Mama humwita mtoto, na kundi moja huliambia jingine habari zake. Sasa fikirini mtu anayepiga redio kambini, au anayeacha mashini ya motokaa ikinguruma usiku kucha. Yeye mwenyewe hasikii kitu, na anawaziba nyama masikio. Ndiyo maana kimya ni amri.

Mgeni hulala na hema limefungwa sawasawa. Kwa kawaida simba hapasui hema lililofungwa. Hulipita kama kichuguu. Lakini hema lililo wazi lina mlango, na mwenye mlango wazi humkaribisha kila mtu.

Mtu akitaka kwenda chooni usiku, asitoke haraka. Afungue kidogo, aangaze pande zote kwa tochi. Akiona macho yanang'aa, arudi ndani, angoje. Macho ya simba, fisi na nyama wengi watembeao usiku yana ngozi nyembamba nyuma, kama kioo, inayorudisha mwangaza. Kwa kioo hicho huona gizani kuliko sisi, na kwa kioo hicho hicho wanajulikana.

Asubuhi

Asubuhi mgeni hukusanya takataka zake zote: makopo, chupa, mifuko ya plastiki. Hazifukii, kwa sababu fisi watazifukua. Huzirudisha mjini. Akitaka kutembea kwa miguu, huenda pamoja na mlinzi mwenye bunduki. Kambi nzuri ni ile ambayo mtu anayekuja nyuma hajui kama jana kulikuwa na mtu.

Mapori ya nchi yetu

Kongo yetu ina hifadhi za taifa nyingi. Virunga ilianzishwa mwaka wa 1925, nayo ni mojawapo ya hifadhi za taifa za kwanza katika Afrika. Upemba ilifuata mwaka wa 1939, na Kahuzi-Biega, penye ngagi wakubwa, mwaka wa 1970. Hifadhi ya Lomami ilianzishwa mwaka wa 2016, na sehemu yake imo katika Maniema yetu.

Katika msitu ule wa Lomami wataalamu walikaa kambini muda mrefu, wakifanya kazi pamoja na wenyeji. Mwaka wa 2007, katika mji wa Opala, walimwona tumbili mchanga kwa mkuu wa shule ya msingi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu, na wataalamu hawakumjua. Wawindaji wa huko walimjua siku nyingi, wakamwita lesula. Mwaka wa 2012 dunia yote ilipewa habari zake katika vitabu vya elimu. Basi mwitu bado una mambo ambayo vitabu havijaandika, na mara nyingine wenyeji wanayajua kwanza.

Lakini hifadhi zina gharama. Katika Virunga walinzi zaidi ya 200 wamekwisha kuuawa kazini. Na Kahuzi-Biega ilipofanywa hifadhi, Batwa waliokaa humo tangu mababu waliondolewa, nao wakapata taabu kubwa. Kulinda nyama ni kazi njema. Kuwasahau watu waliowatangulia wageni katika pori si haki. Mambo hayo mawili yataka watu wenye elimu na moyo wa kweli. Labda mmoja wao anasoma somo hili sasa.

Hapa kwetu vita vimezuia watu kulala porini kwa amani. Siku amani itakapokuja, wageni watauliza njia ya kwenda Lomami. Tutaweza kuwaonyesha nyama ikiwa tumewaacha hai, nasi tutakuwa tayari kuwafundisha wageni amri za kambi.

Maulizo

1. Hifadhi ya taifa ni nini? Katavi iko katika nchi gani?
2. Kwa nini hakuna ukuta kuzunguka kambi?
3. Kwa nini ni hatari kusimama kati ya kiboko na maji?
4. Mtu anayempa tembo machungwa anamdhuru namna gani?
5. Eleza kwa nini sauti hufika mbali usiku.
6. Uliza wazee wa nyumbani: nyama gani walikuwa karibu na kijiji zamani, na sasa hawaonekani? Andika majina yao.