Nzi wa ndizi na mgongo wa mwanadamu: utafiti unaoonyesha kwamba kasoro ya kuzaliwa si ulozi

Kila mama anayeuza ndizi sokoni Kadutu, mjini Bukavu, anawajua. Ni nzi wadogo sana, wenye macho mekundu, urefu wao hauzidi milimita 3 hivi. Wanazunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi na kujaa kwenye chombo cha kasiksi kisichofunikwa. Watu huwafukuza kwa mkono na kuendelea na kazi. Lakini nzi huyo, ambaye kwa jina la kisayansi anaitwa Drosophila melanogaster, ndiye aliyewafungulia watafiti njia ya kuelewa jinsi mwili unavyojengwa tumboni mwa mama, tangu shingo hadi kiuno, na jinsi mgongo wa mwanadamu unavyopata umbo la kumwezesha kusimama wima.

Utafiti huo umedumu zaidi ya miaka 100, na unazihusu pia familia za mashariki mwa Kongo. Huku, mtoto anapozaliwa na mgongo uliopinda, mara nyingi watu hawaulizi kwanza ni ugonjwa gani. Wanauliza ni nani aliyemloga. Mama hulaumiwa, bibi hushukiwa, na wakati mwingine mtoto mwenyewe huitwa mulozi.

Chupa za maziwa mjini New York

Nzi huyu ni mzaliwa wa Afrika. Watafiti wamefuata asili yake hadi kwenye misitu ya kusini mwa bara, upande wa Zambia na Zimbabwe, ambako angali anaishi porini akila matunda ya miti. Kutoka huko alifuatana na watu na vyakula vyao hadi akaenea duniani kote.

Mwaka 1910, katika chumba kidogo cha Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, Profesa Thomas Hunt Morgan alikuwa akifuga nzi hao kwa maelfu ndani ya chupa za maziwa, akiwalisha ndizi. Alikuwa na sababu: nzi hawana gharama, na kwenye joto la kutosha kizazi kimoja kinakamilika kwa siku 10 hivi. Jambo ambalo kwa ng'ombe lingechukua miaka mingi, kwa nzi linaonekana kwa wiki chache.

Siku moja Morgan alimwona dume mwenye macho meupe badala ya mekundu. Alimzalisha, akafuata watoto na wajukuu wake, na akaonyesha kwamba urithi hubebwa na kromosomu, yaani nyuzi ndogo zilizomo ndani ya seli. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1933.

Mwaka 1915, mwanafunzi wake Calvin Bridges alipata nzi mwingine wa ajabu. Kwa kawaida nzi ana mabawa mawili tu, na nyuma yake virungu viwili vidogo vinavyomsaidia kutopepesuka anaporuka. Kwa nzi wa Bridges, virungu hivyo vilikuwa vimeanza kugeuka kuwa mabawa.

Mmarekani mwingine, Edward Lewis wa Taasisi ya Teknolojia ya California, aliishughulikia kasoro hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Kwa kuunganisha kasoro kadhaa ndani ya nzi mmoja, alipata nzi mwenye mabawa manne kamili. Mwaka 1978 alieleza maana yake katika jarida la Nature. Seli za nzi huyo hazikuwa zimeharibika. Zilijua kujenga bawa vizuri kabisa, ila zililijenga mahali pasipotakiwa, kwa sababu zilikuwa zimekosa agizo la kuwaambia ziko sehemu gani ya mwili.

Jeni zinazotoa maagizo hayo zinafanana na kapita kwenye kazi ya ujenzi. Kapita hashiki tofali wala mwiko. Yeye anasema tu: hapa ni sebule, hapa ni jikoni. Akikosekana, mafundi hodari watajenga jikoni mara mbili. Lewis aliona pia jambo lililowashangaza wengi: jeni hizo zimepangwa kwenye kromosomu kwa utaratibu uleule wa sehemu za mwili zinazosimamiwa nazo, kuanzia mbele kwenda nyuma.

Watafiti wawili, hadubini moja

Wakati huohuo, mjini Heidelberg, Ujerumani, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walitaka kujua ni jeni zipi zinazoligawa yai la nzi kuwa mwili wenye vipande. Waliwapa nzi madume dawa inayojeruhi jeni, wakawazalisha kwa maelfu ya koo, kisha wakachunguza viinitete vilivyoshindwa kukua. Walikaa wawili kwenye hadubini moja iliyotengenezwa kwa watu wawili kutazama pamoja, na kazi hiyo ikachukua zaidi ya mwaka mzima.

Mwaka 1980 walitangaza jeni 15 ambazo zikiharibika, vipande vya mwili vinakosekana au vinapangwa vibaya. Mwaka 1995, Lewis, Nüsslein-Volhard na Wieschaus waligawana Tuzo ya Nobel ya Tiba. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amemtibu mgonjwa. Walikuwa wamechunguza nzi.

Kutoka kwa nzi hadi kwa mwanadamu

Kwa muda mrefu wengi walidhani kwamba mwili wa mdudu na wa mtu havina uhusiano. Mdudu ana miguu sita na hana mfupa hata mmoja. Wazo hilo lilianguka mwaka 1984. Maabara ya Walter Gehring mjini Basel, Uswisi, na watafiti wengine wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, waligundua kwamba jeni hizo za nzi zina kipande kinachofanana, chenye herufi 180 hivi za maandishi ya urithi. Walipokitafuta kwa wanyama wengine, wakakikuta kwa chura, kwa panya na kwa mwanadamu.

Leo jeni hizo zinaitwa jeni za Hox. Nzi ana 8. Mwanadamu ana 39, zilizopangwa katika makundi manne.

Jaribio lililoonyesha wazi kazi yake kwenye mgongo lilitangazwa mwaka 2003 na Deneen Wellik na Mario Capecchi wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Waliwatengeneza panya wasiokuwa na jeni yoyote inayofanya kazi katika kundi la Hox10. Panya hao wakaota mbavu hadi kiunoni, mahali ambapo panya hana mbavu. Walipoondoa kundi la Hox11, pingili zinazoshikana na nyonga zilichukua umbo la pingili za kiuno. Ilikuwa habari ileile ya nzi wa mabawa manne: kapita hayupo, na mafundi wamerudia chumba cha jirani.

Gorila, okapi na mtoto anayejifunza kutembea

Mtu akipapasa mgongo wake anaweza kuhisi matokeo ya maagizo hayo. Kwa kawaida pingili za shingo ni 7, za kifua 12, za kiuno 5, kisha 5 zilizoungana na kushikwa na nyonga, na mwishoni mabaki madogo ya mkia. Okapi wa msitu wa Ituri, mwenye shingo ndefu, naye ana pingili 7 tu za shingo kama mwanadamu. Kilichobadilika ni urefu wa pingili, si idadi yake.

Kiunoni mambo ni tofauti. Gorila wa Kahuzi-Biega na wa Virunga ana pingili za kiuno tatu au nne, tena zimebanwa katikati ya mifupa mirefu ya nyonga. Kiuno chake ni kifupi na kigumu. Anaweza kusimama kwa miguu miwili na kujipiga kifua, lakini kutembea hivyo mchana kutwa kungemchosha. Mwanadamu ana kiuno kirefu zaidi kinachopinda kuelekea ndani, na mpindo huo unauweka uzito wa kifua na kichwa juu ya nyonga. Ndiyo maana mama wa Walungu anaweza kubeba mzigo mzito mgongoni na kupanda mlima.

Hata hivyo, jeni peke yake hazimalizi kazi. Mtoto mchanga huzaliwa na mgongo uliojikunja kama upinde. Mpindo wa shingo unaimarika anapoanza kuinua kichwa, na ule wa kiuno unajitokeza anapoanza kukaa na kutembea.

Saa iliyomo ndani ya mimba

Pingili hazitengenezwi zote kwa siku moja. Kuanzia wiki ya tatu ya mimba, seli za mgongoni hujigawa katika vifungu, jozi baada ya jozi, kutoka upande wa kichwa kwenda chini. Mwaka 1997, timu ya Olivier Pourquié iliyofanya kazi mjini Marseille, Ufaransa, ilionyesha kwamba kwenye kiinitete cha kuku kuna aina ya saa inayopiga kila dakika 90, na kila inapopiga jozi moja inatengwa.

Saa hiyo inahitaji jeni inayoitwa Notch, na jina hilo linatoka kwa nzi. Miaka ya 1910, watafiti waliona nzi ambao ukingo wa bawa lao ulikuwa na pengo kama limeng'atwa, wakaiita kasoro hiyo pengo, yaani Notch kwa Kiingereza. Mwaka 2000, watafiti waliochunguza familia zenye watoto wa kiwiliwili kifupi, pingili zilizogandamana na mbavu zilizoungana, walikuta kwamba jeni iliyoharibika ni DLL3, ambayo ni ndugu wa jeni nyingine ya nzi inayoshirikiana na Notch.

Ugonjwa huo si wa kawaida, lakini una fundisho kubwa. Baba na mama wote wawili wanakuwa wazima, kila mmoja amebeba nakala moja mbovu bila kujua. Nakala hizo mbili zikikutana, mtoto anazaliwa na kasoro. Kwa kila mimba ya wazazi hao, uwezekano ni 1 kwa 4. Hakuna jirani aliyepita usiku, wala hakuna deni la mahari lililosababisha.

Kile ambacho familia inaweza kufanya

Si kila mgongo uliopinda unatokana na jeni moja. Kifua kikuu kinaweza kushambulia uti wa mgongo na kumwachia mtoto kibiongo, na kinatibika kwa dawa za kifua kikuu kikigunduliwa mapema. Wapo pia vijana ambao mgongo unaanza kupinda upande mmoja wakiwa na miaka 10 au zaidi, wengi wao wasichana. Ni muganga anayeweza kutofautisha hali hizo, na kila mwezi unaopotea kwenye chumba cha maombi au kwa mpiga ramli unampunguzia mtoto nafasi ya kusaidiwa.

Kwa mgongo wazi, kasoro ambayo mtoto huzaliwa nayo uti wa mgongo ukiwa haukufungika, kinga ipo. Mfereji unaozaa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 za kwanza, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ana mimba. Mwaka 1991, jaribio lililoendeshwa na Uingereza kwa wanawake 1,817 katika nchi 7 lilionyesha kwamba vidonge vya asidi ya foliki vilipunguza kwa asilimia 72 hatari ya kurudia kwa kasoro hiyo kwa wanawake waliokwisha kupata mimba yenye tatizo hilo. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke ameze mikrogramu 400 kila siku tangu anapotafuta mimba hadi wiki ya 12. Aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji kipimo kikubwa zaidi, na muganga ndiye atakayekiandika. Maharagi, lengalenga na majani mengine mabichi yana foliki pia, ingawa kuyapika kwa muda mrefu hupunguza kiasi chake na hayachukui nafasi ya vidonge.

Sheria nayo imesema. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamwadhibu kwa kifungo na faini anayemshtaki mtoto kuwa mulozi.

Nzi wa Edward Lewis hakuwa na adui. Alipata mabawa manne kwa sababu maagizo machache yalikosekana alipokuwa bado ndani ya yai, na mgongo wa mtoto unaweza kupotoka kwa namna hiyohiyo katika wiki ambazo hakuna mtu anayemwona. Mama aliyezaa mtoto huyo hana la kuungama. Anachohitaji ni mtu wa kumsindikiza hadi hospitali.