Samani za Mikono Yetu: Mathenge, Msumeno na Heshima ya Fundi



Katika ukurasa wetu wa familia wiki hii twapenda kuzungumza na wazazi, hususan akina mama, juu ya jambo linaloonekana dogo lakini limezitia dhiki nyumba nyingi, nalo ni samani za nyumbani. Kijana akiposa siku hizi, hesabu haiishi kwenye mahari. Huulizwa kitanda ni cha namna gani, kabati lina milango mingapi, na viti vya sebuleni vimetoka wapi. Ndoa zacheleweshwa kwa ajili ya makochi. Na baadhi ya zile zisizocheleweshwa, huanza na deni kabla maharusi hawajamaliza fungate.

Kwa jamaa zetu wa Garissa mzigo huu ni mzito zaidi. Kochi linalonunuliwa Nairobi husafiri zaidi ya kilomita 350 juu ya lori kabla ya kulifikia daraja la Mto Tana, na nauli yake huongezwa juu ya bei. Asiyekuwa na fedha taslimu huchukua kwa malipo ya mafungu. Wanazuoni wengi wameruhusu kuuziana kwa mafungu ikiwa bei imeafikiwa tangu mwanzo na haibadiliki. Lakini pale mtu anapochelewa kulipa akatozwa nyongeza kwa sababu ya kuchelewa, hapo ameshauingia mlango wa riba, na ubaya wa riba haumfichikii Muislamu yeyote. Basi kiti cha kumkalisha mgeni kwa heshima huwa sababu ya mwenye nyumba kukosa usingizi.

Twauliza: je, hapana njia nyingine? Twaona ipo, tena ipo karibu. Nyingi katika samani za nyumba ya kawaida, kama vile kigoda, benchi, rafu ya vitabu, meza ndogo na marfaa ya kuwekea msahafu, zaweza kutengenezwa nyumbani na mtu mwenye subira, mchoro wenye vipimo na vyombo vichache vya seremala. Linalotuzuia si ugumu wa kazi peke yake. Linalotuzuia zaidi ni dharau.

Tuseme kweli. Katika jamii za wafugaji wa Kisomali, tangu zamani, fundi wa chuma na fundi wa ngozi waliwekwa kando. Watu wa Tumaal na wa Madhibaan walihitajiwa kwa kazi zao, kisha wakanyimwa wake na heshima. Nasi watu wa pwani tusijione tumesalimika, kwani ni wangapi miongoni mwetu waliomkatalia seremala binti yao, wakamkubalia karani asiye na akiba wala ujuzi? Dharau hii haina asili katika dini. Nabii Nuhu (A.S.) aliiunda safina kwa amri ya Mola wake huku wakubwa wa kaumu yake wakipita na kumcheka, na mwisho wa wacheka wanaujua wote. Nabii Daud (A.S.) alilainishiwa chuma akatengeneza deraya, na Mtume wetu (S.A.W.) amemsifu kwa kula kutokana na kazi ya mkono wake. Nabii Zakaria (A.S.), kama ilivyopokewa katika Sahihi Muslim, alikuwa seremala. Anayemdharau seremala na ajiulize anaidharau kazi ya nani.

Na akina mama wana sehemu yao maalumu katika habari hii. Mtume (S.A.W.) alikuwa akihutubu Madina akiegemea gogo la mtende. Mimbari yake ilipofanywa, alimpelekea habari mwanamke mmoja wa Kiansari aliyekuwa na mtumishi seremala, na mtumishi yule akaiunda kwa mti ulioletwa kutoka Ghaba, nje ya mji, ikawa na daraja tatu. Mti wenyewe ulikuwa wa jamii iitwayo tarfaa kwa Kiarabu, yaani mti wa nchi kavu, si mninga wala msaji. Mimbari ya kwanza ya Uislamu ilipita katika mikono ya nyumba ya mwanamke, kwa mti uliopatikana karibu. Kadhalika Bibi Zainab bint Jahsh (R.A.), mke wa Mtume, alisifika kwa kufanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka pato lake.

Tena mwanamke wa Kaskazini Mashariki si mgeni wa kazi ya miti. Nyumba ya mfugaji wa Kisomali, iitwayo aqal, hujengwa na wanawake. Wao ndio waliokata mizizi na matawi ya migunga, wakayapinda yangali mabichi hata yakakauka na umbo la upinde, wakayafunga kwa kamba na kuyafunika kwa mikeka waliyoisuka wenyewe. Wakati wa kuhama, nyumba nzima ilifunguliwa, ikapakiwa juu ya ngamia, na mahali papya ikasimamishwa tena, kila kipande kikirudi pahali pake. Mchoro wa nyumba ile haukuandikwa kwenye karatasi. Ulikaa katika kichwa cha mama, akampa bintiye. Basi anayesema kuwa vipimo na miti si mambo ya wanawake hawajui bibi zake.

Sasa tuje kwenye mbao. Wengi watasema, Garissa ni nchi ya ukame, mbao zitatoka wapi? Misitu ya kandokando ya Mto Tana ni amana, nayo si ya kukatwa kwa ajili ya viti. Lakini upo mti mmoja ambao kuukata ni kuwapunguzia watu madhara, nao ni mathenge. Asili yake ni Marekani ya Kati na ya Kusini. Uliletwa Kenya mwaka 1973 kupandwa katika machimbo ya mawe ya Bamburi, Mombasa, na katika miaka ya 1980 ukapandwa sehemu kavu za nchi, Garissa na Tana River zikiwemo, ili kuzuia mchanga na kutoa kuni. Mifugo hula maganda yake na kuzitawanya mbegu katika samadi, na maji ya mafuriko huzichukua mbali. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 ulienea kwa kasi. Leo umefunga njia, umeyazingira malambo, na umemeza malisho. Miiba yake hutoboa kandambili na gurudumu pia, na mbuzi aliyekula maganda yake kwa wingi huharibika meno. Mwaka 2008 Serikali iliutangaza kuwa magugu hatari.

Mti huuhuu unaolaaniwa una kiini kigumu, kizito, chenye rangi ya hudhurungi iliyokoza, na sifa ambayo maseremala huithamini sana: ukishakauka haupindi wala haunywei ovyo kama mbao nyingi nyingine. Aibu yake ni moja, kwamba shina lake aghlabu ni fupi tena limepinda, na kwa hiyo hautoi ubao mrefu. Lakini aibu hiyo haina neno kwa mtu anayetengeneza vitu vidogo. Hapo ndipo mchoro unapokuja na faida yake.

Mchoro wa seremala ni picha ya kitu kikitazamwa kutoka mbele, ubavuni na juu, pamoja na orodha ya vipande na vipimo vyake. Michoro ya namna hii imo katika vitabu vya kazi za mikono vya shule, na siku hizi hupatikana hata kwenye simu. Kuusoma si kazi ngumu kuliko kusoma ruwaza ya kushonea buibui. Siri yake ni kuanza na orodha ya vipande. Uliza kwanza: kipande kirefu kuliko vyote kina urefu gani? Ikiwa mbao zetu ni fupi, tuchague mchoro wa vipande vifupi.

Tuchukue mfano wa kigoda cha urefu wa sentimita 40. Kina vipande kumi na viwili. Miguu ni minne, kila mmoja sentimita 38 kwa urefu, na sentimita 5 kwa 5 kwa unene. Mataruma, yaani vipande vinavyounganisha mguu na mguu, ni manne: mawili ya sentimita 26 na mawili ya sentimita 22, kila moja upana wa sentimita 6 na unene wa sentimita 2. Mbao za kukalia ni nne, kila moja urefu wa sentimita 36, upana 8 na unene 2. Hapana kipande kinachofika hata sentimita 40, na vipande hivi vyapatikana katika mathenge aliyepinda.

Kazi huanza kabla ya msumeno. Magogo yakatwe na watu wazima waliovaa viatu vigumu na glovu, kwani mwiba wa mathenge ukivunjika mwilini huleta uvimbe na usaha. Yakishapasuliwa mbao, zipangwe kivulini penye hewa, vijiti vikiwekwa baina ya ubao na ubao, na ncha zipakwe rangi ya mafuta ili zisipasuke. Zitakaa hivyo miezi kadhaa. Atakaye kujua kama zimekauka, na apime ubao mmoja kwenye mizani kila wiki, na uzito ukiacha kupungua, zimekuwa tayari. Sehemu ya nje yenye rangi ya manjano iondolewe, maana huliwa na wadudu, na kiini cheusi ndicho kitumike.

Kila ncha ya taruma huchongwa ulimi wa sentimita 2 kwa urefu na sentimita 1 kwa unene, na mguu hutobolewa kwa patasi tundu la kuupokea, katikati ya uso wake. Mataruma yote yakae juu kabisa, mbao za kukalia ziyalalie. Kabla ya kutia gundi, kiunge kigoda kikavu ujaribu. Kisha pima kutoka pembe hadi pembe ya pili inayoielekea, mara mbili kwa mkingamo. Vipimo vikilingana, kigoda kimenyooka. Vikitofautiana, kimekwenda upande, na ni bora ukijue sasa kuliko baada ya gundi kushika. Mbao za kukalia zifungwe kwa skrubu, na matundu yake yatobolewe kwanza kwa keekee, kwa sababu mti huu ni mgumu na hupasuka ukilazimishwa. Baina ya ubao na ubao achwe upenyo wa unene wa sarafu. Mwisho hupigwa msasa na kupakwa mafuta. Vumbi la mbao lisivutwe, kwa hivyo pua na mdomo vifunikwe.

Vyombo vinavyohitajika ni msumeno, randa, patasi, nyundo, keekee ya mkono, skwea na futi ya kupimia. Si lazima kila nyumba ivinunue. Majirani watano wa mtaa mmoja waweza kuchanga wakavimiliki pamoja, au wakamwendea seremala wa mtaa wakamlipa awafundishe Jumamosi mbili tatu. Tena ni vyema zaidi kumlipa, maana hatutaki kumkatia fundi riziki yake. Makabati na vitanda vikubwa bado vitakuwa vyake, na aliyewahi kutoboa tundu moja kwa patasi hataibishania tena bei ya fundi kwa ukali, kwa kuwa ameijua jasho iliyomo.

Faida iliyo kubwa zaidi imo katika malezi. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliingiza kazi za mikono madarasani, useremala ukiwemo, lakini katika shule nyingi vyombo havikupatikana na somo likafifia. Mzazi asingoje shule. Kijana anayekaa baraza za Garissa kutwa nzima akitafuna miraa hakosi nguvu wala akili. Amekosa kitu cha kukikamilisha. Mpe mbao kumi na mbili na mchoro mmoja. Atajifunza kuwa milimita mbili za uzembe asubuhi huonekana jioni, na kwamba kazi hutaka kufanywa kwa ukamilifu hata pale pasipoonwa na watu, chini ya kigoda, kwa kuwa Mwenyezi Mungu aona.

Na kazi ya kwanza iliyo njema, twashauri isibaki nyumbani. Katika duksi nyingi watoto wetu husoma wakiwa wameinama juu ya mchanga, na misahafu yao magotini. Marfaa moja, ambayo ni mbao mbili tu zilizokatwa zikakumbatiana, hudumu miaka mingi. Kila herufi itakayosomwa juu yake, twataraji aliyeitengeneza ataandikiwa fungu lake. Sadaka ya kuendelea si lazima iwe kisima wala msikiti.

Kwa vijana wanaojiandaa kuoa, na kwa wazazi wa binti, twasema hivi: sebule yenye vigoda sita vilivyochongwa na bwana harusi na ndugu zake, pamoja na mikeka iliyosukwa na shangazi za bibi harusi, ni sebule isiyodaiwa na mtu. Mgeni ataketi juu yake kwa raha, na mwenye nyumba atalala. Tuache kuipima heshima ya ndoa kwa upana wa kochi. Wazazi wenye uwezo ndio waanze, ili asiyekuwa nacho apate kufuata bila ya kuona haya.

Twamuomba Mwenyezi Mungu aibariki mikono ya mafundi wetu, wanaume kwa wanawake, azikinge nyumba zetu na riba na fahari isiyo na maana, na autie kheri mti huu uliotuletea taabu. Amin.

Wabillahi tawfiq.