Ng'ombe Aliyesimama Mteremkoni

Siku hizi mnunuzi wa Sotik au Rongo humwona ng'ombe wa Nyamira kwenye simu kabla hajapanda matatu kwenda kumkagua bomani. Daktari wa mifugo hutumiwa picha ya kiwele kilichovimba kabla hajawasha pikipiki, na anayemkatia ng'ombe wake bima huombwa picha inayoonyesha namba ya hereni ya sikioni. Watu hutoa pesa na kufanya maamuzi kwa kuiangalia picha hiyo. Ndiyo maana namsisitizia kila ninayemfundisha jambo moja: hariri mwanga, usimhariri mnyama. Ukisimama mahali panapofaa kabla ya kubonyeza, hata huo mwanga utahitaji kuguswa kidogo tu.

Milima ya Gusii ina ugumu wake. Mafunzo mengi ya kupiga picha za mifugo hudhani una uwanja tambarare, ng'ombe peke yake, na anga tupu nyuma yake. Hapa hakuna uwanja huo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira, wote kwenye eneo la takriban kilomita za mraba 2,200. Mashamba yamegawanywa yakagawanywa tena, na ng'ombe mmoja au wawili wa gredi hulishwa zizini au hufungwa kamba kando ya barabara. Nyuma yake utakuta ukuta wa jikoni, kamba ya nguo, nguzo ya stima na majani ya mgomba yanayoonekana kama yameota kichwani mwake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta mandhari ya nyuma iliyotulia, na hiyo hutafutwa kwa miguu. Ukisimama chini ya mteremko ukatazama juu, utapata anga jeupe na ng'ombe aliyegeuka kivuli. Ukisimama juu yake, utapata nyasi safi nyuma lakini mgongo utaonekana mpana na miguu mifupi. Pazuri zaidi ni kusimama naye usawa mmoja, mteremko ukipita kati yenu kwa upande, kisha upige goti mpaka simu ifike kwenye kimo cha ubavu wake. Kama kuna shamba la majani chai, mshukuru mwenyeji. Chai iliyochumwa vizuri huwa na sura bapa, kwa hiyo nyuma ya mnyama unapata mstari mmoja wa kijani, bila fujo. Mvute ng'ombe hatua kadhaa mbali nayo, ili macho ya mtazamaji yatofautishe kilicho mbele na kilicho nyuma. Usitegemee ile hali ya simu inayofifisha mandhari ya nyuma. Ilitengenezwa kwa nyuso za watu, na kwa ng'ombe mara nyingi hula ncha za masikio na nywele za mkia.

Mteremko una faida ambayo wapiga picha wa tambarare huitafuta kwa jembe. Kwenye maonyesho ya mifugo, miguu ya mbele huwekwa mahali palipoinuka kidogo ili mstari wa mgongo uonekane umenyooka na mabega yasidondoke. Kwetu inatosha kumgeuza kichwa kielekee juu ya kilima, lakini kidogo tu; mwinuko mkali humfanya aegemee nyuma, akaonekana mgonjwa wa nyonga. Angalia miguu yote minne. Ukiona mitatu, mnunuzi atajiuliza wa nne una nini.

Wengi hukosea wanaponyoosha picha. Wanaona ardhi imelala upande, wanaizungusha picha mpaka nyasi ziwe sawa, na ghafla ng'ombe anasimama kama anayetaka kuanguka. Ardhi ya Manga au Kiabonyoru haiko sawa, na picha haina haki ya kuisawazisha. Tafuta kitu kilichosimama wima kweli. Shina la mkaratusi hukua likielekea juu hata kwenye mteremko mkali, na kona ya nyumba ilijengwa kwa timazi. Nyoosha picha kwa kufuata hivyo. Mgomba usiuamini, kwa sababu ukibeba mkungu huinama.

Mwanga wa huku nao una tabia zake. Kisii iko chini ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu na kupanda moja kwa moja, nyuzi 15 hivi kila saa. Ule mwanga laini wa asubuhi haukusubiri unywe chai. Kufikia saa nne jua limeshakuwa kali, na saa sita, hasa Machi na Septemba, liko utosini: mgongo wa ng'ombe unang'aa, tumbo na kiwele vinazama gizani. Kama boma lako linatazama mashariki, piga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, jua likiwa nyuma ya bega lako. Linalotazama magharibi hubaki kivulini asubuhi, basi ngoja alasiri. Alasiri ndipo mawingu hukusanyika kabla ya mvua, na mimi nayapenda kuliko jua la aina yoyote. Wingu jembamba huuchuja mwanga kama chandarua, manyoya yakaonekana moja moja na hakuna kivuli kinachoficha mbavu.

Friesian ndiye mtihani mkubwa, kwa sababu ana weusi na weupe kwenye ngozi moja. Kamera ya simu hukadiria mwanga kwa kudhani kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, ni cha kijivu. Ikiona ubavu mweusi umejaza fremu, inaongeza mwanga, na mabaka meupe yanaungua. Gusa baka jeupe kwenye kioo, kisha telezesha kidole ushushe mwanga mpaka uone manyoya ndani ya weupe huo. Picha itaonekana nyeusi kidogo, lakini sehemu za giza zinaweza kuinuliwa baadaye. Weupe ulioungua hauna kitu ndani yake, na hakuna programu itakayourudisha.

Kabla ya hapo kuna kazi ya mikono. Mwenyeji akishakujibu salamu na kukuruhusu, mwombe kitambaa kibichi, mfute ng'ombe kinyesi kilichokauka mapajani na makamasi puani. Mtoto mmoja ashike kamba akiwa nje ya fremu, isipite usoni. Mwingine asimame mbele na kutikisa kishada cha mabingobingo, nepia kama wengi tunavyoita. Masikio huruka mbele mara moja, shingo huinuka, jicho hupata nuru. Hapo una sekunde chache tu. Lenga jicho, ubonyeze mara nyingi mfululizo.

Umbali nao ni suala la uaminifu. Lenzi kuu ya simu huona eneo pana, na kilicho karibu nayo hukifanya kikubwa kupita kiasi. Ukiikaribia pua, kichwa kinakuwa kikubwa na kiuno kinanywea. Ukipiga kiwele kwa karibu kutoka nyuma, ng'ombe wa lita chache anaonekana wa lita nyingi, na wapo wauzaji wanaolijua hilo vizuri sana. Rudi nyuma mita nne au tano, ukuze picha mara mbili. Na wewe mnunuzi, omba picha ya ubavu mzima iliyopigwa kwa mbali, usikubali ya kiwele peke yake.

Sasa kuhariri. Programu ya bure kama Snapseed inatosha. Punguza kingo kwanza, ukiacha nafasi zaidi upande anaotazama mnyama. Inua giza la tumboni kidogo. Kisha shughulikia rangi, na hapa Gusii inahitaji uangalifu wa pekee. Fremu ikijaa chai na nepia, simu hujaribu kuupunguza ukijani huo, na ng'ombe mweupe anatoka na wekundu wa waridi. Rekebisha uwiano wa rangi mpaka baka jeupe liwe jeupe. Kijani chenyewe kipunguze, usikiongeze. Majani yanayowaka humwibia mnyama macho ya watu, wakati Ayrshire wa kahawia iliyoiva hujitokeza vizuri penye kijani kilichotulia.

Kuna vitu visivyoguswa. Usinyooshe mgongo, usifute kovu, usijaze mbavu, usibadilishe rangi ya kiwele. Daktari anayetazama wekundu wa chuchu anautumia kuamua kama aje leo au kesho, na ukiupoza wekundu huo ili picha ipendeze, ng'ombe ndiye atakayeumia. Picha ya ugonjwa itume bila kuhaririwa kabisa, moja ya karibu na moja ya mnyama mzima.

Namna ya kutuma nayo hupangwa. WhatsApp hubana picha ya kawaida, na maelezo madogo kama kupe sikioni au chunusi za ngozi hupotea. Kwa daktari au kampuni ya bima, itume kama hati ili ifike ilivyo. Lakini faili hilo kamili hubeba pia mahali ilipopigwa picha, ikiwa simu imeruhusiwa kurekodi. Kwa tangazo la kuuza, zima kwanza kipengele cha mahali kwenye kamera, na uiangalie fremu tena kabla ya kuisambaza. Geti, kibao cha shule ya jirani, namba ya pikipiki iliyoegeshwa: vyote humwelekeza mwizi wa mifugo mpaka mlangoni kwa zizi. Taja wadi au soko lililo karibu, na anayetaka kweli kununua atapiga simu aelekezwe.