Mji Mmoja, Mifumo Miwili: Dhana za Msingi za Upangaji wa Maeneo na Ulinganishaji wa Mifumo yake Nchini Kenya na Uganda

1.0 Utangulizi

Mji wa Busia umegawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda. Wafanyabiashara na jamaa huvuka mpaka huo kila siku, na maji ya mvua hayautambui; lakini mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi hukomea hapo. Makala hii inafafanua dhana za msingi za upangaji wa maeneo na kuonyesha kwamba kulinganisha mifumo kwa kusoma majina ya sheria pekee hupotosha. Maswali ya kutangulizwa ni mawili: nani huamua, na juu ya ardhi ya nani?

2.0 Dhana za Msingi

Upangaji wa maeneo ni shughuli ya umma ya kuamua mapema makazi, mashamba, viwanda, barabara na hifadhi vikae wapi. Mipango miji ni sehemu yake tu. Shughuli hiyo ina nguzo tatu: mpango, yaani ramani na maelezo ya hali inayokusudiwa, udhibiti wa uendelezaji, ambao hutekelezwa kwa vibali, na milki, yaani haki za mwenye ardhi. Mfumo wa upangaji ni namna sheria, asasi na mazoea ya kazi yanavyoziunganisha nguzo hizo.

Mifumo hutofautiana pia katika uzito wa mpango. Nchini Ufaransa, mpango wa eneo ulioidhinishwa humfunga mwombaji na mtoa kibali. Nchini Uingereza, tangu sheria ya 1947, kila ombi hupimwa kwa hali yake, na mpango huwa mwongozo mkuu bila kuwa neno la mwisho.

3.0 Kenya na Uganda

Katiba ya Kenya ya 2010 iliunda kaunti 47 na kuzikabidhi kazi ya kupanga, huku serikali ya kitaifa ikibaki na kanuni za jumla na uratibu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inadai kila kaunti iwe na mpango wa maeneo wa miaka 10. Chini ya sheria ya upangaji ya 2019, kibali cha uendelezaji hutolewa na waziri wa kaunti, ambaye huteuliwa na gavana.

Nchini Uganda, Sheria ya Upangaji ya 2010 ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la upangaji, mijini na vijijini. Bodi ya kitaifa husimamia, na chini yake zipo kamati za wilaya na za miji. Kamati ya wilaya huongozwa na mtendaji mkuu wa wilaya, ambaye ni mtumishi wa umma.

Katika milki, Katiba ya Kenya hutambua ardhi ya umma, ya jamii na ya binafsi. Katiba ya Uganda ya 1995 huwapa raia ardhi kupitia milki nne: ya kimila, huria, mailo na ya upangaji wa muda.

4.0 Mjadala

Kwa juu juu, Uganda huonekana kuwa na udhibiti mpana zaidi. Hata hivyo, tangazo la kisheria halipimi ardhi wala halimwajiri mpangaji. Familia yenye ardhi ya kimila isiyo na hati inaweza kukutana na mpango kwa mara ya kwanza siku barabara inapowekewa alama shambani mwake. Upande wa pili, mwenye hati anaweza kujua haki yake, lakini akakuta ombi lake linategemea uwezo wa ofisi ya kaunti. Kwa hiyo mtaro mmoja wa maji ya mvua unaopita pande zote mbili huhitaji maamuzi mawili, ya asasi zisizofanana kwa ngazi wala kwa uwajibikaji.

5.0 Hitimisho

Mshauri wa sera anayetaka kuazima kifungu kutoka nchi jirani hana budi kuazima pia maswali yake: nani hutoa kibali, nani husikiliza rufaa, na mwenye ardhi ana ushahidi gani mkononi? Bila majibu hayo, kifungu kilichofaa upande mmoja wa mpaka kinaweza kumnyima haki mkazi wa upande wa pili.