Tangi Limelala, Mguu Umeoza

Wasikilizaji wangu, masika yaliyopita tangi langu la lita 1,000, hapa Tanga, liliinama. Maji hayo ni tani moja, nami niliyabebesha miguu ya mbao iliyozikwa udongoni. Nilipochimba, chini ilikuwa laini kama mkate uliolowa chai.

Mbao huozeshwa na kuvu, na kuvu haistawi pasipo unyevu. Hewa yetu ya pwani nayo haikaushi upesi. Basi usizike mguu. Jenga kitako cha zege kilichoinuka. Tandika nailoni nzito kati yake na mbao, maana zege hunyonya maji. Acha hewa ipite. Bomba la maji ya ziada limwage mbali.

Chini ya matangi hayo hucheza watoto. Kagueni kabla ya Machi.