Kufurika kwa Bafa katika Seva za Hifadhidata: Mfano wa Mnyoo wa Slammer

Programu inapopokea maneno kutoka nje, huyaweka kwanza katika sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa kwa kipimo maalumu. Sehemu hiyo ndiyo bafa. Ikiwa mtunzi wa programu hakuiagiza ipime urefu wa kinachoingia, yaliyozidi humwagikia kumbukumbu jirani, na mara nyingi humo ndimo ilimo anwani inayoionyesha kompyuta mahali pa kurejea ikimaliza kazi iliyo nayo. Anayefaulu kuibadilisha anwani hiyo huifanya kompyuta itekeleze maagizo yake yeye. Kwa hiyo neno "kufurika" hueleza nusu tu ya jambo, kwani hatari haimo katika wingi wa maji bali katika mahali yanapoelekea.

Kasoro ya namna hiyo ilikuwamo katika SQL Server 2000 ya kampuni ya Microsoft. Huduma moja ndogo, iliyosikiliza katika mlango wa 1434, iliwajulisha wateja mahali ilipo hifadhidata waitakayo. Ujumbe ulioanza kwa baiti yenye thamani ya 4 uliifanya huduma hiyo ilichukue jina lililofuata na kuliunga na maneno mengine ndani ya bafa bila ya kulipima. Wala haikudai nywila. Kasoro iligunduliwa na David Litchfield, na kiraka chake kikatolewa Julai 2002.

Tarehe 25 Januari 2003 ulizuka mnyoo uliopewa jina la Slammer, wenye baiti 376 tu. Kwa kuwa ulisafiri kwa njia ya UDP, isiyongoja jibu la mpokeaji, kasi yake ilizuiwa na upana wa mkondo peke yake. Mwanzoni idadi ya kompyuta zilizoambukizwa iliongezeka maradufu kila baada ya sekunde 8.5, katika dakika 10 zaidi ya asilimia 90 ya zile zenye kasoro zilikuwa zimekwisha kupatwa. Mashine za fedha za Bank of America zilikwama. Katika kituo cha nyuklia cha Davis-Besse, Ohio, ambacho kwa bahati kilikuwa kimesimamishwa, mtambo wa kuonyesha vipimo vya usalama ulizimika kwa takriban saa 5.

Mnyoo huo haukufuta data wala kujiandika katika diski. Kuzima na kuwasha kompyuta kulitosha kuuondoa, ingawa isiyotiwa kiraka iliambukizwa tena mara moja. Kwa nini basi miezi sita haikutosha? Baadhi ya wasimamizi walizembea, lakini wengine hawakujua kabisa kuwa wanayo programu hiyo: toleo lake dogo, MSDE, lilikuwa limefungashwa ndani ya programu nyingine walizonunua.